Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila Januari mjini Kerugoya methali hii hutiwa kwenye mizani, mabasi ya manjano ya shule za kibinafsi yanapozunguka kutafuta wanafunzi, kuanzia mashamba ya majani chai miteremkoni mwa Mlima Kenya hadi yale ya mpunga huko Mwea.

Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Madarasa ya umma yalifurika, na wazazi wengi, hata wa kipato kidogo, wakageukia shule za kibinafsi. Shule hizo nazo zikaongezeka, zikabaki kuwania watoto wale wale.

Je, ushindani huo haukupaswa kushusha karo na kuinua mafunzo? Mambo si sahili hivyo. Mzazi haoni somo linavyofundishwa; huona lango, sare, basi na bango. Kwa hiyo mwenye shule hutumia fedha pale macho yanapofika. Jirani akinunua basi, naye hukopa anunue, asije akapoteza wanafunzi. Mabasi mawili yanapopita njia moja yakiwa nusu tupu, gharama hupanda bila mtoto yeyote kuongezewa maarifa. Anayelipa ni mkulima anayesubiri bonasi ya chai au malipo ya kahawa.

Mapato yasipotosha, hupunguzwa kisichoonekana: mshahara wa mwalimu, vitabu vya hadithi, kamusi. Mwalimu kijana wa Kiswahili hufundisha huku akingojea barua ya Tume ya Huduma kwa Walimu. Ikifika, huondoka hata katikati ya muhula, na darasa likabaki yatima.

Kwa miaka mingi alama za KCPE, 500 kwa jumla, zilikuwa kipimo cha hicho kilichofichika, ingawa zilizaa pia ukariri na masomo ya alfajiri. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Bila kipimo hicho, huenda mvuto wa bango ukazidi.

Haimaanishi kuwa shule hizi hazina faida; zimewafaa watoto wengi. Hata hivyo, mzazi anayesajili mtoto hafai kuhesabu mabasi. Na aulize swali moja tu: mwalimu wa Kiswahili aliyekuwapo mwaka jana, yungali hapa?