Siku Moja Katika Jangwa la Sharjah



Sisi watu wa pwani tumezaliwa tukitazama maji. Jangwa tulilijua chuoni tu, katika visa vya Mitume na misafara ya Makuraishi, na kila mtoto aliyeketi juu ya mkeka alilichora kichwani kwa namna yake. Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, Mwenyezi Mungu alitujaalia kulitia machoni. Tulikwenda Sharjah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kumzuru mdogo wetu aliyekuwa akifanya kazi huko kwa zaidi ya miaka 5. Tulikuwa wanawake watatu, yaani mama yetu na sisi ndugu wawili, pamoja na watoto wanne. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 7, ni mwana wa huyo mdogo wetu. Alipoachwa Mombasa alikuwa hajatimiza miaka 2, na tangu hapo amelelewa na bibi yake.

Tunalieleza jambo hili kwa kuwa ndilo lililotuchagulia mahali pa kwenda. Mdogo wetu alikuwa na siku moja tu ya mapumziko katika juma lile. Kijana wake alimpokea kwa adabu, akambusu mkono kama anavyombusu kila mgeni, kisha akarudi nyuma ya buibui la bibi yake. Kwetu Mombasa amezoea kumwita "mama wa simu". Mdogo wetu alicheka alipolisikia jina hilo, lakini usiku ule alikawia sana jikoni akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Wenyeji walitushauri twende kwenye maduka makubwa na minara ya Dubai. Tuliona kwamba mahali penye makelele mtoto hutazama vitu, hamtazami mtu. Tukachagua Hifadhi ya Jangwa ya Sharjah, iliyoko takriban kilomita 28 kutoka mjini, kando ya barabara iendayo Al Dhaid. Ni safari fupi ya gari. Majengo ya mji hupungua, mchanga huanza kugeuka rangi ya udongo mwekundu, na miti ya ghafu husimama mmoja mmoja. Mti huu ulitangazwa kuwa mti wa taifa hilo mwaka 2008. Mizizi yake huzama chini sana kufuata maji, na kwa hiyo hubaki kijani pale ambapo majani mengine yamekwisha kukauka.

Hifadhi hiyo yafaa sana kwa familia yenye wazee na watoto wadogo, kwa kuwa mambo yake yote yamekusanywa pamoja. Pana jumba la makumbusho ya viumbe na mimea, kituo cha wanyama wa Uarabuni, shamba la watoto, na bustani ya mimea ya Kiislamu. Hapahitajiki kupanda milima wala kutembea juani kwa muda mrefu. Katika kituo cha wanyama, watazamaji hupita ndani ya kumbi zenye kiyoyozi, na wanyama wakubwa wako nje katika mazingira yao, nyuma ya vioo.

Tulianza na bustani ya mimea, kwa ombi la mama yetu. Humo hukusanywa mimea iliyotajwa katika Qur'ani Tukufu na katika Sunna: mtende, mtini, mzeituni, mkomamanga, na mingineyo. Watoto walishangaa kusikia kwamba tangawizi, ambayo wao huijua katika chai ya jioni, imetajwa katika Sura ya Al-Insaan miongoni mwa vinywaji vya Peponi. Mama yetu alisimama kwa muda mbele ya mkunazi. Yeye ni katika wale wanawake wanaoitwa mtaani kwetu kuosha maiti, na majani ya mkunazi ameyaponda mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Aliwaeleza wajukuu wake kazi ya majani hayo bila ya kuwatisha, nao wakamsikiliza kwa utulivu.

Katika kituo cha wanyama huonyeshwa viumbe wa Bara Arabu peke yake. Tulimwona guruguru mnene wa jangwani, yule dhabbu anayetajwa katika Hadithi, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumla wala hakuwakataza masahaba wake kumla. Tuliwaona samaki wa mapango ya Oman, walioishi gizani hata wakawa hawana macho. Tulimwona paka wa mchangani, ambaye nyayo zake zimefunikwa kwa manyoya ili asiungue wala asizame, na ambaye huweza kukaa muda mrefu bila kunywa, akitosheka na maji yaliyomo katika windo lake. Subhanallah.

Kisha tukaingia katika ukumbi wa wanyama wa usiku. Humo taa hufifizwa mchana, ili wanyama waamke wakati watu wanapita. Ghafla hatukuonana. Yule kijana, kama afanyavyo kila penye giza, alinyoosha mkono kuutafuta mkono wa bibi yake. Aliyekuwa karibu naye alikuwa mama yake. Tulipotoka kwenye mwangaza aliinua uso, akamtambua aliyemshika. Alisita kidogo. Hakuuachia mkono ule.

Mbele ya kioo kikubwa tulimtazama choroa mweupe wa Uarabuni, mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Tuliwasimulia watoto habari zake. Kwa sababu ya kuwindwa, choroa huyu alitoweka kabisa porini mwaka 1972. Lakini miaka 10 kabla ya hapo, watu waliokuwa na hofu hiyo walikuwa wamekwisha kuwakamata wachache karibu na mipaka ya Aden. Waliwapeleka kwanza Kenya, nchini mwetu, kisha Marekani, katika mji wa Phoenix, wakaunganishwa na wengine waliokuwa wakifugwa. Walizaana huko ugenini, na mwaka 1982 wazao wao walifunguliwa tena katika jangwa la Oman.

"Walirudi wote?" aliuliza yule kijana.

Tulimwambia kweli, kwamba wengine walifia njiani, na hata waliorudi waliwindwa tena na majangili, lakini wapo mpaka leo. Akanyamaza. Kisha akamgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu tulipowasili akamuuliza swali bila ya kutumwa. "Na wewe utarudi lini?"

Mdogo wetu alimwambia kwamba mkataba wake utakwisha mwezi wa Rajabu, na kwamba, inshaAllah, Ramadhani ataifunga Mombasa. Kijana akahesabu miezi kwa vidole. Alipokosea, mama yake alimshika kidole akamrudisha nyuma, wakahesabu upya pamoja.

Baada ya kusali Adhuhuri tuliwapeleka watoto katika shamba, wakawalisha mbuzi na kumtazama ngamia kwa karibu, kama Sura ya Al-Ghashiya inavyotuamuru tumtazame. Chakula chetu kilikuwa mahamri na mbaazi tulizobeba kutoka nyumbani, na maji mengi.

Kwa wale watakaojaaliwa kufika, tuna nasaha chache. Chagueni miezi ya baridi, baina ya Novemba na Machi, kwa maana wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Ulizeni kabla ya kutoka siku ambazo hifadhi hufungwa. Kwendeni asubuhi, na wabebeeni watoto sweta, kwa kuwa kumbi za ndani ni baridi. Na kama katika safari yenu yumo mtu aliyetengana na mwanawe, msiwahimize. Wapeni nafasi watembee nyuma kidogo.

Jioni tuliporudi mjini, kijana alikaa kiti cha nyuma kati ya bibi yake na mama yake. Alisinzia, na kichwa chake, kwa kuyumba kwa gari, kiliegemea upande wa mama. Mdogo wetu hakujitikisa mpaka tulipofika mlangoni.

Sasa tumebakiwa na miezi 3. Kalenda imetundikwa kando ya jokofu, na kila baada ya Magharibi kijana hupiga msitari juu ya siku iliyopita. Tuombeeni dua, nanyi tunawaombea.