Baiskeli ya Springi na Mteremko wa Rumonge

Watu wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza baiskeli yenye springi mbele na nyuma hudhani kwamba imebuniwa kwa ajili ya kumstarehesha mpandaji. Nilipoipitisha yangu sokoni hapa Rumonge, mama mmoja muuza ndagala alisema kwa sauti ya kusikika kwamba nimenunua kitanda chenye magurudumu, na wenzake wakacheka. Starehe ipo, siikatai. Lakini baada ya kuiunga baiskeli hiyo kipande kwa kipande kwa mikono yangu, na kuishusha mlimani, ninaweza kusema kwamba kazi kubwa ya springi zile ni kusaidia breki. Jambo hilo linazihusu familia nyingi za ufukoni ambazo riziki yao hushuka mlimani kwa baiskeli.

Asiyeufahamu mji wetu na ajue kwamba Rumonge iko kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, kwa barabara kuu namba 3 inayofuata Ziwa Tanganyika. Upande mmoja kuna ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Upande wa pili kuna milima. Kati yake pamebaki ukanda mwembamba wa ardhi tambarare. Maji ya ziwa yako kiasi cha mita 775 juu ya usawa wa bahari, na mtu anayepanda kuelekea Bururi huwa amepita mita 1,700 kabla ya kuufikia mji huo. Huku chini ndiko kwenye soko na bandari. Kwenye mabega ya milima kuna mashamba ya michikichi na mitambo midogo ya kukamulia mawese. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 na zaidi, bila kuhesabu dumu lenyewe. Mzigo huo hushuka kwa baiskeli.

Mwana wa dada yangu ni mmoja wa vijana wanaoushusha. Baba yake alifariki yeye akiwa angali mdogo, na sasa ndiye anayemsaidia mama yake kulisha wadogo zake watatu. Kila siku ya soko hushuka na dumu tatu, pengine nne. Baiskeli yake ni ile ya chuma ya kawaida, imara kama ng'ombe wa kulimia. Lakini breki ya mbele ilikwisha kufa siku nyingi, na ya nyuma ilikuwa imebaki vyuma vitupu visivyo na raba. Akitaka kupunguza mwendo alikuwa akiikanyaga tairi kwa kandambili, au akiburuta mguu chini. Siku moja nilimwuliza kwa nini hanunui raba. Alinijibu kwa adabu, “Mjomba, nikinunua raba leo, wadogo zangu watakula nini leo?” Msimu uliotangulia, kijana mwenzake alishindwa kusimama penye kona, akaangukia korongoni na kuvunjika paja. Familia yake iliuza shamba la michikichi ili kulipia matibabu.

Fedha za baiskeli yangu nilizipata kwa kuuza pikipiki kuukuu, ambayo katika miaka ya 2024 na 2025, petroli ilipokuwa adimu nchini, ilikaa uani zaidi kuliko ilivyokwenda barabarani. Mama watoto alinikumbusha kwamba fedha hizo zingetosha kuezeka jiko, na maneno yake yalikuwa ya haki. Tukakubaliana kwamba jiko litafuata baada ya mavuno. Fremu ya aluminiamu, iliyokwisha kutumika, ililetwa na jamaa kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kigoma. Magurudumu, uma wa mbele na vitu vingine nilivikusanya Bujumbura, kimoja kimoja, kwa muda wa miezi minne. Kisha nikaviunga barazani kwa jioni sita, mpwa wangu akinishikia taa.

Askari aliyezoea kufungua silaha yake, kuisafisha na kuiunga tena ataielewa furaha ya kazi hiyo. Kila kipande kina mahali pake, na ukikosea mpangilio chombo kitakuambia. Gololi za shingo ya usukani huingizwa zikiwa zimenyooka sawasawa, zimepakwa grisi. Pedali ya kushoto hufungwa kwa kuzungusha spana kinyume cha kawaida, kwa sababu reza zake zimekatwa kinyume ili isijifungue kwa mwendo wa mguu. Bolti ndogo za usukani hazitaki nguvu za mwanamume bali kipimo: zangu zilihitaji newton-mita 5 tu, na fundi mmoja wa magari alinikopesha spana yenye kipimo ili nisizikate.

Sehemu iliyo ngeni kabisa ni ya nyuma. Katika baiskeli ya kawaida, gurudumu la nyuma limeshikwa na vyuma vilivyochomelewa kwenye fremu, nalo haliwezi kusogea. Katika hii, mkono wa nyuma umeungwa kwa viungo vyenye gololi, kama kiwiko cha mtu, ili gurudumu lipande na kushuka. Kati ya mkono huo na fremu hukaa shokapu. Ndani yake mna hewa iliyoshindiliwa, ambayo ndiyo springi, na mna mafuta yanayopenya katika matundu madogo. Hewa peke yake ingemrusha mpandaji kama mpira. Mafuta ndiyo yanayoituliza.

Hewa hiyo hupimwa kwa uzito wa mwenye kupanda. Shokapu yangu ina mwendo wa milimita 50. Nikikaa juu ya kiti bila kutikisika, inapaswa kuzama kiasi cha milimita 15, yaani thuluthi moja kasoro kidogo. Mpwa wangu aliuliza kwa nini izame kabla ya safari kuanza. Sababu ni kwamba njia ina mawe na pia ina mashimo. Gurudumu likikutana na jiwe hupanda. Likikutana na shimo lazima liwe na nafasi ya kushuka, la sivyo litaning'inia hewani. Na gurudumu lililo hewani halina breki, hata ungeikaba kwa mikono miwili.

Wanajeshi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzitumia springi hizi. Kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Bianchi ya Italia iliwatengenezea askari wa miguu waitwao Bersaglieri baiskeli za kukunja zenye springi. Jeshi la Uswisi lilitumia baiskeli tangu mwisho wa karne ya 19, na vikosi vyake vya baiskeli vilivunjwa mwaka 2003 tu. Baiskeli ya milimani yenyewe ilizaliwa Kalifornia nchini Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipoanza kushuka milima kwa baiskeli nzito za zamani. Mashindano yao ya kwanza katika mteremko uitwao Repack yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Jina hilo lilitokana na breki. Baiskeli zile zilikuwa na breki za ndani ya kitovu cha gurudumu, zile za kukanyaga kinyume, nazo zilipata moto kiasi kwamba grisi iliungua yote, ikabidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kwa hiyo mchezo huu ulijua tangu mwanzo kwamba mteremko ni shauri la breki. Springi za mbele zilizouzwa kwa wingi zilikuja baadaye, baada ya Paul Turner kuianzisha kampuni ya RockShox mwaka 1989.

Kabla ya kupanda mlimani nilizizoesha breki zangu. Breki mpya za diski hazishiki vizuri mpaka padi na diski zimesuguana. Nilikwenda kwenye barabara tambarare, nikawa naongeza mwendo na kuupunguza bila kusimama kabisa, mara ishirini kwa breki ya mbele na mara ishirini kwa ya nyuma.

Safari ya kwanza niliianza alfajiri. Mvua ya usiku ilikuwa imesafisha hewa, na milima ya Kongo ilionekana ng'ambo ya ziwa kana kwamba mtu angeweza kuipigia kelele ikaitika. Nilipanda kwa barabara ya Bururi kwa muda wa saa mbili hivi, gia ikiwa nyepesi na jasho likiwa jingi, kisha nikaiacha na kushika njia ya wachukuzi inayoteremka kati ya michikichi. Njia hiyo ina mizizi, mawe ya duara, na mifereji iliyochimbwa na mvua. Nimeishuka mara nyingi kwa baiskeli ya kawaida, nami naujua mtetemo wake mpaka kwenye meno.

Safari hii gurudumu liliifuata ardhi. Lilipanda jiwe, likashuka shimoni, likapanda tena, na mwili wangu ukabaki mahali pake. Penye kona ile alipoangukia kijana niliyemtaja, nilishika breki juu ya mawe matupu, nayo ikashika. Nikasimama hatua kadhaa kabla ya korongo. Nilidondosha maji ya chupa juu ya diski, yakalia kama mafuta kwenye kikaango. Hapo nilikumbuka kwamba uzito wote unaoshuka mlimani lazima uishie kuwa joto mahali fulani. Kwangu joto lilikuwa limeingia katika chuma. Kwa vijana wetu linaingia katika kandambili na katika nyayo za miguu.

Juma lililofuata nilimpa mpwa wangu aijaribu. Aliishuka njia ile ile, kisha akakaa kimya kwa kitambo. Hatimaye akasema, “Mjomba, nimeshika kwa kidole kimoja, ikasimama. Sikujua kwamba baiskeli husimama hivi.” Akauliza kama ingeweza kubeba dumu. Nilimwambia ukweli kwamba haiwezi. Shokapu iliyopimwa kwa uzito wa mtu mmoja ingelala kabisa chini ya kilo sabini za mawese, na keria haina pa kufungwa kwa usalama. Tena vipuri vyake ni ghali na viko mbali. Chombo cha mchukuzi kitabaki kuwa ile baiskeli ya chuma.

Basi jioni ile ile tuliipindua baiskeli yake barazani. Tulinyoosha fimbo za breki, tukafunga raba nne mpya, tukakaza spoki zilizolegea na kuinyoosha rimu ya mbele iliyokuwa ikicheza. Raba na vipuri vyote pamoja havikufikia bei ya dumu moja la mawese. Nilizilipa mimi, naye akaapa kwamba zinazofuata atazinunua mwenyewe, kwa kuweka akiba kidogo kila siku ya soko.

Kwa familia zenye kijana mwenye kazi kama hii, ninashauri mambo machache. Kwanza, raba za breki zikaguliwe kabla ya kila safari, mbele na nyuma, kwa sababu baiskeli inaposhuka uzito huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Pili, mzigo ufungwe chini kadiri iwezekanavyo na usicheze. Tatu, mwendo upunguzwe kabla ya kona, kwani ukiongeza mwendo mara mbili, utahitaji nafasi mara nne ili kusimama. Nne, rimu ikiwa imelowa, breki ishikwe mapema zaidi. Tano, penye mawe makali mtu ateremke na kuikokota. Dakika kumi za kutembea hazijamfukarisha mtu.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu ufa huo ni raba nne za breki, na tumekwisha kuona familia ikiuza shamba kwa ajili ya ukuta. Jioni ya leo, kabla ya taa kuzimwa, kila mzazi na aende uani akaitazame baiskeli ya mwanawe.