KALAMU NYEKUNDU

Kiburi si maungwana. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliijua mwaka jana tu, na aliyenifunza ni kitenzi cha Kihispania.

Mpenzi msomaji, Kihispania hakifunzwi shuleni mwetu. Dada yangu ndiye aliyekuwa akikisoma katika chuo kimoja cha utalii, kwani alitaka kuwa mwongozaji wa watalii. Jioni nikitoka shule na kumaliza kuteka maji, tulikaa mezani, yeye akikariri nami nimeshika daftari.

Wakati uliopita ulinifurahisha mno. Hablar, kuzungumza, huwa hablé, yaani nilizungumza. Comer, kula, huwa comí. Vivir, kuishi, huwa viví. Kwa siku mbili hivi nikajiona profesa!

Siku moja dada alikosa somo kwa sababu alimsaidia mama kuuza mboga sokoni. Akanakili maelezo ya mwenzake. Usiku nikayapitia. Lo! Kitenzi ir, kwenda, kilikuwa kimeandikwa fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron. Chini yake kulikuwa na ser, yaani kuwa. Nacho? Fui, fuiste, fue, vile vile hadi mwisho!

"Dada, huyu rafiki yako alisinzia darasani," nikasema. "Ameandika kitu kimoja mara mbili. Nilikwenda na nilikuwa yatawezaje kuwa neno moja?"

"Una hakika?" akaniuliza, macho yamejaa usingizi.

"Kanuni si unaijua, dada? Comer, comí. Basi ser ni serí." Nikachukua kalamu nyekundu, nikaukata mstari wote.

Kesho yake alifanya mtihani. Alirudi kimya. Maswali ya kitenzi hicho aliyakosa yote, akaanguka kwa alama tatu. Kurudia karatasi kulitaka ada, na ada ilitoka katika akiba ya mama ya kununua mabati ya jikoni. Dada hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Kiswahili nikamweleza yote. Yeye hajui Kihispania, lakini aliniuliza, "Soma huwa alisoma. Lala huwa alilala. Je, kula?"

"Alikula, mwalimu."

"Mbona husemi alila?"

Nikabaki kinywa wazi. Akanieleza kuwa vitenzi vya silabi moja, kama -la, -ja na -nywa, hubakiza ku- hapo, ndiyo maana twasema alikuja na alikunywa. "Wewe hukuona ajabu," akasema, "kwa sababu ulilisikia kwa mama yako kabla ya kujua kanuni yoyote."

Tulikaa tena mezani na dada, safari hii kitabu kikiwa mbele yetu. Kumbe katika Kilatini fui ilikuwa ya kitenzi cha kuwa peke yake. Kwenda kulikuwa na umbo lake lingine, lakini Kihispania kililiacha, kikampa fui kazi mbili. Maneno yanayofuata ndiyo hukwambia ni ipi. Fui a Lamu ni nilikwenda Lamu. Fui maestra ni nilikuwa mwalimu. Tena hata wenyewe Wahispania huteleza: andar, kutembea, ni anduve, lakini wengi husema andé, kwa kufuata kanuni kama nilivyofanya mimi.

Dada alirudia mtihani akapita. Mabati bado hatujanunua. Mvua ikinyesha usiku, mimi ndiye huamka kuweka sufuria panapovuja, wala siambiwi na mtu.

Wenzangu, mkiona neno limekaa vibaya katika daftari la mtu, ulizeni kwanza kabla ya kushika kalamu nyekundu. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na mama ndiye aliyelipa.