Joto Lililofichika

Mchana wa kaskazi huko Marafa hauna huruma. Kuta nyekundu na nyeupe za bonde la Nyari, lililochimbwa na mvua, huwaka kama tanuri, na bati la paa la darasa huwaka kuzishinda.

Siku moja ya musimu huo kompyuta ya darasa ilizimika ghafla, na kazi ya wanafunzi ya juma zima ikapotea. Aliyeketi mbele yake alikuwa mvulana mpole. Nilimkemea mbele ya wenzake kuwa ameiharibu kwa uzembe. Hakujibu neno. Jioni, kulipopoa, niliiwasha ikawaka bila ya kutengenezwa. Ndipo nilipotambua kuwa mkosaji alikuwa joto: mashine ilijizima ili isiungue.

Aibu ilinisukuma kusoma. Nilianza na kitu cha nyumbani. Mafuta ya nazi huganda asubuhi za kusi, kwa kuwa huyeyuka katika joto la nyuzi 24 hivi. Yanapoyeyuka hunywa joto jingi, lakini kipimo hakipandi. Barafu ni vivyo hivyo: joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu latosha kuyapasha maji yake kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Joseph Black, mtaalamu wa Uskoti, aliligundua jambo hili katika miaka ya 1760, akasema joto hilo limefichika.

Wataalamu wa leo wameligeuza kuwa tiba ya mitambo. Huchanganya maji na chembe ndogo mno za nta, ukapatikana uji mwepesi, wakausukuma katika mifereji inayopita karibu na sehemu zenye moto. Nta huyeyuka ikameza joto. Uji ukifika penye ubaridi, nta huganda tena ikalitema. Yafaa nta hiyo iyeyuke katika joto linalozidi la hewa, lakini lisilofikia lile linaloua mashine. Mafuta ya nazi yasingetufaa, maana mchana wa Marafa yasingeganda tena. Tena uji ukiwa mzito pampu hutaabika, na chembe zikishikamana njia huziba.

Shule yetu haina kifaa hicho. Tuliiondoa kompyuta penye ukuta wa jua, tukapangusa vumbi la feni, tukaihamishia kazi asubuhi.

Lakini deni langu lilikuwa bado. Nilimwomba radhi mvulana yule mbele ya wenzake wale wale. Akasema, "Yamekwisha, mwalimu," kisha machozi yakamtoka.

Hasira ni hasara, vijana, na hasara kubwa humpata asiyekosa. Nilikuwa nimekidhani kimya chake kuwa ni kukiri kosa. Kumbe alikuwa amemeza joto jingi siku zote zile, na mimi, mwalimu wake, nilitazama kipimo tu.