Mkahawa wa Pikipiki Kando ya North Circular



Mtu akishuka kituo cha Stonebridge Park, kaskazini-magharibi ya London, akafuata mngurumo wa barabara ya North Circular, hachelewi kuufikia mkahawa uitwao Ace Cafe. Ulifunguliwa mwaka 1938, ukabomolewa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969, na ukafunguliwa tena mwaka 2001. Wengi wetu tukaao Wembley na Harlesden huupita bila kuujua.

Nje hupangwa pikipiki kubwa kubwa, zimesuguliwa hata mtu aweza kujitazama uso. Katika miaka ya 50 na 60 vijana wenye makoti ya ngozi walikusanyika hapa, na fahari yao ilikuwa kutimiza maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Inasimuliwa kwamba kijana alitumbukiza sarafu katika sanduku la muziki, akatoka mbio hadi mahali walipopatana, na sharti arudi kabla wimbo haujakwisha.

Tusiwaambie watoto wetu kwamba jambo hili halina ladha. Ladha inayo. Upepo hupiga kifua, injini hutetema, na dhiki za shule na kazi huonekana zimeachwa nyuma. Ndiyo maana likaitwa kishawishi, kwani kisichopendeza hakimshawishi mtu. Na aliyezoea maili 60 huziona chache, akatamani 80.

Lakini hesabu haina huruma. Kanuni za barabara za Uingereza zaeleza kwamba gari liendalo maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 hata lisimame. Kwa maili 60 huhitaji mita 73. Mwendo umezidi mara mbili, masafa zaidi ya mara tatu. Naye mpanda pikipiki hana bati la kumkinga wala mkanda. T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki yake huko Dorset mwezi Mei 1935, akafa baada ya siku sita. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia, baadaye alichunguza majeraha ya vichwa ya wapanda pikipiki, na uchunguzi wake ukasaidia kueneza kofia ngumu. Kofia hizo zikawa lazima kisheria mwaka 1973.

Lenye mazingatio zaidi katika historia ya mkahawa huu ni hili. Mwaka 1962 kasisi Bill Shergold, mpanda pikipiki yeye mwenyewe, aliingia humo kuwaalika vijana ambao wakubwa wengi waliwaogopa. Aliingia kwa hofu, wakampokea. Wengi wakajiunga na klabu yake, 59 Club, wakapata mtu mzima wa kuzungumza naye.

Sisi tuna dini yetu na misikiti yetu, lakini hekima hiyo yatufaa. Vijana wetu nao wanapanda pikipiki, wengine kwa kazi ya kupeleka vyakula majumbani. Mzazi asingoje polisi wabishe hodi usiku. Na atoke nje, aitazame hiyo pikipiki, amuulize mwanawe anaonja nini katika kasi, kisha amkumbushe kwamba uhai ni amana, na mwenye amana atauliza. Kijana aliyesikilizwa kwanza husikiliza naye.