Kabla ya Kumchinja Jike

Wafugaji wa sungura wa Moshi tunalo neno la haraka kwa jike aliyepandishwa mara tatu asizae: tasa. Hukumu hiyo haina rufaa. Jike huchinjwa, na dume aliyempanda hubaki kizimbani akitafuna majani, heshima yake haijaguswa.

Mwezi Machi mwaka huu jirani yangu, mjane ambaye kwa sungura hununulia wajukuu madaftari na sare, alikuwa amekwisha kuchinja majike wawili, na wa tatu alikuwa zamuni. "Mwalimu, wamekataa kuzaa," aliniambia. "Mwaka jana walinipa watoto saba saba." Nilimuuliza iwapo wale wawili waliwahi kujinyonyoa manyoya. Akajibu kuwa wote walifanya hivyo, yapata siku ya 17 baada ya kupandishwa. Wakajenga kiota, kisha pasitokee kitu. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba waliharibu mimba.

Ushahidi ulikuwa wa jambo jingine kabisa. Sungura jike hangoji siku zake kama ng'ombe. Tendo la kupandwa ndilo linalochochea mayai kutoka, saa 10 hivi baadaye. Yasipokuta mbegu hai, mwili huweza kudanganyika na kubeba mimba isiyokuwepo, ambayo hukoma kati ya siku ya 16 na ya 18. Mimba ya kweli huchukua siku 31 hivi. Majike wanaokaa pamoja huweza kudanganyana kwa kupandana wenyewe, lakini hawa kila mmoja alikuwa na kizimba chake. Kiota kile, basi, kilikuwa kikisema kwamba jike ametimiza wajibu wake. Aliyekuja mikono mitupu ni dume.

Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, akauliza: "Na wale wawili, Mwalimu?" Sikuwa na jibu.

Banda lake limeezekwa mabati mafupi, upande wa chini wa mji, ambako kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana hupita nyuzi 30. Sungura hatoi jasho la kumfaa; hujipoza kwa masikio na kwa pumzi. Dume akishinda katika tanuri hilo, mbegu zake huharibika, na kwa kuwa mbegu mpya huhitaji takribani miezi miwili kukamilika, huendelea kuwa mtupu hata baada ya masika kuupoza mji. Hamu ya kupanda, hata hivyo, huweza kubaki palepale, na bidii hiyo ndiyo inayotupumbaza.

Zipo sababu nyingine. Jike aliyenenepeshwa kwa pumba hushika mimba kwa shida. Dume mmoja akizungushwa mtaa mzima hadi akawapanda mabinti zake, uzao hupungua na watoto hudhoofika. Lakini kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: mpeleke jike kwa dume mwingine. Yule wa tatu tulimpandisha Uru, katika kihamba cha shangazi yangu, kwenye kivuli cha migomba. Alizaa watoto sita. Dume naye alihamishiwa chini ya mparachichi, na mwezi Juni alipata mimba yake ya kwanza tangu Desemba. (Nasema "yake" makusudi, lawama tuliyompa jike tulisema ni yake pia.)

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takribani mtu 1 kati ya 6 duniani hukutwa na ugumba wakati fulani maishani. Katika koo zetu hapa mlimani namfahamu zaidi ya mke mmoja aliyerudishwa kwao kabla mume hajapimwa. Wanaume wasomi tunaocheka habari za sungura tungefaa kuhesabu ni wangapi kati yetu waliokwenda maabara bila kuburutwa.

Ng'ombe wanacho Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River, ambako mbegu za fahali hupimwa kabla hazijasambazwa. Dume wa sungura hupimwa kwa ukubwa wa kichwa. Hadubini ya sekondari ya kata ingetosha kuonyesha kama mbegu zake zinaogelea au zimekufa. Kuzikusanya kunahitaji mtaalamu aliyefundishwa, na mtaalamu huyo ndiye tunayemlipia kodi. Kikao cha mtaa kijacho nitaomba aitwe, tena aje kabla ya Januari.