SIKU YA KWANZA: TANGA HADI PANGANI KWA BAISKELI



Ndugu msomaji, wengi wametuuliza iliwezekanaje vijana saba kutoka Tanga hadi Bagamoyo kwa baiskeli. Nafasi hii haitoshi kueleza safari nzima. Tutaeleza siku moja tu, ile ya kwanza, kwani ndiyo iliyotufundisha namna ya kwenda siku zilizofuata.

Ilikuwa Disemba 2008, siku chache baada ya Idi Kubwa. Kama tulivyofundishwa katika Sunna, tulimteua mmoja wetu awe amiri wa safari. Saa tatu asubuhi wazee walituombea, tukasoma dua ya kupanda chombo, tukaondoka. Barabara ya Pangani wakati ule ilikuwa ya changarawe na vumbi tupu. Penye mwinuko tulileta takbiri, penye mteremko tulisabihi, kama walivyokuwa wakifanya Masahaba. Upepo wa kaskazi ulitusukuma mgongoni.

Tulipumzika Tongoni, kiasi cha kilomita 17 kutoka mjini. Pale pana gofu la msikiti na makaburi ya kale zaidi ya 40, mengine yenye nguzo, yaliyojengwa kwa mawe na chokaa. Tuliwaombea waliolala pale, tukaendelea.

Mtihani ulianza baada ya hapo. Mdogo wetu, kijana wa miaka 14, alikuwa akibaki nyuma. Kila tukisimama kumngoja, akifika yeye, wengine wameshapumzika na wako tayari kuondoka. Ikawa aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa.

Wenye miguu mepesi walishauri watangulie ili wawahi pantoni ya kuvuka mto Pangani. Mwenyeji wetu alikuwa ng'ambo, Bweni, na chakula cha usiku kilikuwa huko. Hoja yao haikuwa mbaya, maana baiskeli zetu hazikuwa na taa. Amiri aliwasikiliza wote, kisha akaamua: mdogo atangulie mbele, mzigo wake ugawanywe kwenye kariya za wenzake, na asiwepo wa kumpita.

Kwa mwendo huo tulifika Kigombe, kijiji cha wavuvi, tukawakuta wenyeji wanasimama kuswali Adhuhuri. Safari ya Tanga hadi Pangani peke yake haifiki marhala mbili, ambazo maulamaa wetu wanazikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi. Lakini nia yetu ilikuwa Bagamoyo, hivyo tulikuwa wasafiri tangu tulipotoka mjini. Kwa kuwa tulimfuata imamu mkaazi, Adhuhuri tulitimiza rakaa nne. Alasiri tuliikusanya nayo, tukaiswali rakaa mbili. Yale ya darasani tuliyaona kwa macho yetu.

Jua lilipopoa tuliondoka. Kabla ya kufika mbali tulipata pancha tatu za miba. Tulitoa tyubu, tukaizamisha kwenye beseni la maji tuliloazima ili tuone panapotoa mapovu, tukabandika kiraka na kupiga pampu kwa zamu. Tuliingia Pangani giza likishuka. Pantoni ilikuwa imeshafunga kazi.

Mwenyeji wa Bweni alipopigiwa simu alicheka, akasema wali utatungoja hadi asubuhi. Waumini wa msikiti tulioswali walitupa mikeka, chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Usiku ule mdogo wetu alitueleza kwamba kule njiani, kabla ya kuwekwa mbele, alikuwa ameshaazimia kuomba arudishwe Tanga kwa basi.

Ndugu zetu wanafunzi, tulikosa wali wa moto usiku mmoja, lakini saba tuliotoka ndio saba tuliofika, na asubuhi hakuna aliyetaka kurudi. Mkitaka kusafiri hivi, chukueni viraka, pampu na maji ya kutosha, na mteueni amiri mtakayemtii hata akiamua msilolipenda. Kisha mwekeni mbele aliye mnyonge wenu. Mwenye nguvu anaweza kwenda pole, lakini mnyonge hawezi kwenda mbio.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu zote ziwe za kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.